Mzigo wa Udongo si Mzigo wa Theluji

Namna ya kufunga bamba la haidroliki mbele ya katapila ndogo, na mambo yanayowapasa fundi, dereva na jamaa zao kuyafahamu

Katika mkoa wa West Nile mvua huanza mwezi wa Aprili na kuendelea, kwa vipindi vya nguvu na vya kupumzika, mpaka Novemba. Kati ya Agosti na Oktoba ndipo inyeshapo kwa wingi zaidi. Huo ndio wakati ambapo njia za vijijini katika Arua na Koboko hutiwa mtihani. Katika muongo wa 2010 barabara kuu itokayo Vurra, mpakani mwa Kongo, ikapita Arua na Koboko hadi Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini, ilitiwa lami kwa fedha za Benki ya Dunia. Urefu wake ni kilomita 92, na faida yake yaonekana kwa kila mwenye macho. Lakini wananchi walio wengi hawaishi kando ya lami. Wanaishi ndani, kilomita 5 au 10 au zaidi, na njia iendayo kwao ni ya udongo mwekundu wenye changarawe, ambao wakati wa kiangazi huwa mgumu kama tofali na wakati wa masika huwa uji.

Mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa usiku hana budi kuipita njia hiyo kabla ya kuifikia lami impelekayo hospitali ya Koboko au hospitali ya rufaa ya Arua. Gari la polisi lililoitwa kijijini huipita njia hiyo hiyo. Mihogo na tumbaku za mkulima huipita pia. Njia ikikatika, kila jambo husimama.

Mwaka 2017 Serikali ya Uganda ilizigawia wilaya mitambo ya barabara kutoka Japani, zikiwamo greda. Mitambo hiyo ni mikubwa na yenye nguvu, lakini wilaya moja ina njia nyingi, na greda moja haiwezi kuwa mahali pawili kwa siku moja. Tena ziko njia nyembamba ambazo greda haiwezi kugeuka ndani yake. Ndiyo maana katika karakana nyingi swali hili huzuka: je, trekta ndogo ya minyororo, ambayo mafundi huiita katapila, yaweza kufungwa bamba la kusukumia udongo mbele yake, likainuliwa na kushushwa kwa nguvu ya mafuta?

Jibu ni kwamba yaweza. Lakini kuna masharti, na asiyeyatimiza huharibu mashine, hupoteza fedha, na pengine hupoteza mtu.

MZIGO UPIMWE KWANZA

Kazi ya kufunga bamba mbele ya gari dogo la minyororo ni ya kawaida sana katika nchi za baridi. Huko theluji hufunika njia kwa miezi mingi, na magari madogo ya minyororo hutumika kwa sababu hayazami. Mbele yake hufungwa bamba jepesi la chuma, lenye silinda moja au mbili za haidroliki, na dereva huisukuma theluji kando huku ameketi katika kibanda chenye joto. Vitabu vingi vya mafundi, michoro mingi, na mabamba mengi yaliyokwisha kutumika ambayo huuzwa kwa bei nafuu, asili yake ni huko.

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Katika jambo hili methali hiyo ni kweli kwa kilo na kwa gramu. Theluji iliyoanguka karibuni, ikijaa pipa la mita moja ya ujazo, huwa na uzito wa kilo 100 hivi. Udongo uliochimbuliwa, katika pipa lile lile, huwa na kilo 1,300 au zaidi, na ukiwa umelowa huongezeka. Kwa hiyo bamba lililobuniwa kwa ajili ya theluji, likiletwa Koboko, hutakiwa kusukuma mzigo mzito mara 10 na zaidi kuliko ule lililozaliwa nao.

Chukua mfano wa bamba lenye upana wa mita 1.8 na kimo cha sentimita 60. Mbele yake huweza kukusanyika kama nusu ya mita ya ujazo. Ikiwa ni theluji mpya, huo ni uzito wa kilo 50 hivi, ambao vijana wawili wanauinua bila taabu. Ikiwa ni udongo, ni kilo 650 au 700. Tena theluji haina mizizi ya miti wala mawe yaliyozikwa. Bamba la theluji huwekewa springi nyuma yake ili likigonga kitu liiname na kupita. Springi hizo zikikutana na kichuguu kilichokauka katika mwezi wa Februari, huinama wakati wote, na bamba hupita juu ya kazi bila kuifanya.

Basi fundi anayeletewa bamba la namna hiyo yampasa alikague kwanza. Je, unene wa chuma chake ni kiasi gani? Je, mgongo wake una mbavu za kulitia nguvu? Je, chini yake kuna kipande cha makali kilichofungwa kwa bolti, kinachoweza kugeuzwa upande wa pili kikilika na kubadilishwa kikiisha? Bamba lisilo na kipande hicho hulika lenyewe, kwa maana changarawe ya West Nile husaga chuma kama tupa. Mara nyingi ni heri kutengeneza bamba jipya la chuma kinene kuliko kulitia viraka bamba la theluji.

MSUKUMO UPELEKWE WAPI

Mtu asiye fundi akilitazama tingatinga huona silinda zinazong'aa mbele yake, akadhani kwamba hizo ndizo zinazosukuma udongo. Sivyo. Silinda kazi yake ni kuinua na kushusha tu. Kinachosukuma ni mashine nzima kwa minyororo yake, na nguvu hiyo husafiri kwenye mikono miwili mirefu ya chuma iliyo ubavuni.

Kilimo ndicho kilichozaa fikira hii. Mwaka 1923 huko Morrowville, katika jimbo la Kansas nchini Marekani, mkulima James Cummings na mchora ramani za mashine J. Earl McLeod waliunda bamba la kufunga mbele ya trekta, na miaka miwili baadaye wakapewa hati ya ubunifu wao. Wanajeshi nao waliichukua fikira hiyo. Mwaka 1944, majeshi yalipotua Normandy huko Ufaransa, vifaru kadhaa vya aina ya Sherman vilikuwa vimefungwa mabamba ya kufukia mashimo na kubomoa kingo za udongo zilizoota miti. Yafaa kuangalia jinsi mabamba hayo yalivyofungwa. Mikono yake haikushikizwa puani mwa kifaru, bali ilirudishwa nyuma na kushikizwa pembeni, kwenye vyuma vinavyobeba magurudumu ya minyororo. Wahandisi wale walijua kwamba msukumo lazima upokewe na sehemu ile ile inayoubeba uzito wa mashine.

Kanuni hiyo haijabadilika. Katapila ndogo yenye uzito wa tani 4, ikiwa juu ya ardhi ngumu, minyororo yake huweza kusukuma kwa nguvu ya tani 3 na nusu hivi kabla ya kuteleza. Nguvu hiyo yote hupita katika pini na mabano ambayo fundi ameyafunga. Bamba likigonga kisiki ghafula, nguvu huzidi hapo kwa nukta moja. Mabano yakiwa yameshikizwa kwenye bampa, au kwenye chuma kinachokinga rejeta, hung'oka pamoja na rejeta yenyewe. Mikono ipite chini, ubavuni, irudi nyuma mpaka penye fremu ya minyororo au penye boriti kuu za chesisi, na pini zake ziwe chini kadiri iwezekanavyo, ili msukumo uende moja kwa moja bila kuiinua pua ya mashine.

Katika kuchomelea, mambo matatu yashikwe. Kwanza, waya za betri zifunguliwe kabla ya kazi kuanza, kwa sababu umeme wa kuchomelea huweza kuunguza alteneta na vyombo vingine. Pili, mshono usikate boriti kwa upana wake, maana hapo ndipo ufa huanzia. Mshono uandamane na urefu wa boriti, na pembe za kibati cha kuongezea nguvu zilainishwe zisiwe kali. Tatu, mahali pa bolti pasitiwe bolti yoyote iliyookotwa sakafuni. Zitumiwe zile zenye alama 8.8 au 10.9 kichwani, ambazo chuma chake kimekazwa kwa kazi nzito.

MAFUTA YANAYOINUA CHUMA

Haidroliki ni elimu ya zamani. Katika karne ya 17 Mfaransa Blaise Pascal alieleza kwamba maji yaliyofungiwa ndani ya chombo, yakikandamizwa mahali pamoja, hulipeleka shinikizo hilo kila upande kwa kiasi kile kile. Mashine za leo hutumia mafuta badala ya maji, lakini kanuni ni ile ile.

Injini huzungusha pampu, pampu huyavuta mafuta kutoka tangini na kuyasukuma mpaka kwenye vali, na dereva kwa mkono wa vali huyaelekeza mafuta upande autakao wa silinda. Tuseme shinikizo ni kilo 150 kwa kila sentimita ya mraba, na silinda ina kipenyo cha milimita 63 ndani. Uso wa pistoni yake ni sentimita za mraba 31 hivi, kwa hiyo silinda hiyo moja husukuma kwa nguvu ya kilo 4,600 na ushei. Lakini upande wenye fimbo, sehemu ya uso huo imekaliwa na fimbo. Fimbo ikiwa na unene wa milimita 35, uso unaobaki ni sentimita 21 na nusu, na nguvu huwa kilo 3,200 hivi. Fundi asipolikumbuka jambo hili huweza kuifunga silinda kinyume, akashangaa kwa nini bamba linashuka kwa nguvu na kupanda kwa uvivu.

Kasi nayo hupigiwa hesabu. Pampu inayotoa lita 20 kwa dakika, ikizilisha silinda mbili za namna hiyo zenye mwendo wa sentimita 30, hulipandisha bamba kwa sekunde 4 hivi. Hiyo ni kasi njema. Pampu kubwa mno hulifanya bamba liruke na kumshtua dereva; ndogo mno humchosha kwa kungoja.

Vali inayofaa ni ile yenye nafasi nne: kupandisha, kushikilia, kushusha, na nafasi ya kuelea, ambapo bamba huachwa lifuate ardhi kwa uzito wake lenyewe. Nafasi hii ya nne ndiyo ya kusawazishia kazi ya mwisho. Lazima pia iwepo vali ya usalama, ambayo hufunguka shinikizo likizidi na kuyarudisha mafuta tangini. Wako madereva wanaopenda kuikaza vali hiyo ili mashine ipate nguvu zaidi. Hilo ni kosa kubwa. Anayeikaza hapati nguvu ya bure. Huuchagua tu mpira wa mafuta kuwa ndio utakaopasuka badala ya vali kufunguka.

Adui mkubwa wa haidroliki ni uchafu. Katika miezi ya kiangazi, kutoka Desemba hadi Machi, vumbi jekundu huingia kila mahali, na punje zake ndogo zikiingia katika pampu huikwangua ndani mpaka inapoteza nguvu. Mdomo wa tangi ufutwe kabla ya kufunguliwa, mafuta yamiminwe kwa chombo safi, na chujio libadilishwe kwa wakati wake. Mipira ya mafuta ipitishwe mahali isiposuguana na chuma wala kuligusa bomba la moshi, na iachiwe urefu wa kutosha ili bamba likishuka kabisa isivutike. Baada ya kufunga, silinda zipandishwe na kushushwa polepole mara kadhaa ili hewa itoke. Mafuta yakiwa na povu tangini, bado hewa imo.

MASHINE NA MIZANI YAKE

Sifa kubwa ya minyororo ni kuutandaza uzito. Katapila ya tani 4 na kilo 400, yenye minyororo miwili inayogusa ardhi kwa urefu wa mita 1.6 na upana wa sentimita 30, hukandamiza ardhi kwa nusu kilo tu kwa kila sentimita ya mraba. Hiyo ni karibu sawa na mtu aliyesimama kwa mguu mmoja. Ndiyo maana hupita penye tope ambapo lori huzama mpaka ekseli.

Lakini sifa hiyo hutegemea uzito kukaa katikati. Watoto wanaocheza bembea ya ubao wanajua kwamba mtoto mdogo aliyekaa mwishoni humwinua mkubwa aliyekaa karibu na kati. Bamba na mikono yake, vyote vikiwa kilo 400, vikining'inia mita 1.4 mbele ya kitovu cha mashine ya kilo 4,000, hukisogeza kitovu hicho mbele kwa sentimita 13 hivi. Magurudumu madogo ya mbele hubeba zaidi, minyororo hulika upande mmoja, na mashine huchimba tope kwa pua. Dawa yake ni kuweka uzito wa kusawazisha nyuma. Kilo 200 za chuma zikifungwa mita 1.2 nyuma ya kitovu hukirudisha, na kilichosogea hubaki sentimita 7. Tofauti hiyo dereva huihisi siku ya kwanza, na mwenye mali huiona katika maisha ya minyororo.

Jambo jingine ni upepo. Bamba lililoinuliwa juu sana huziba hewa inayokwenda kwenye rejeta, na katika joto la West Nile injini huchemka upesi. Mashine inaposafiri bila kazi, bamba libebwe chini, kama sentimita 30 kutoka ardhini. Hapo rejeta hupumua, dereva huona mbele, na mizani hukaa vizuri.

FUNZO LA KONGWA

Afrika ya Mashariki ina kumbukumbu chungu ya mashine zilizopelekwa kazini bila kuipima ardhi. Baada ya vita kuu ya pili, Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, kuanzia Kongwa, mwaka 1947. Palikuwa na haraka. Matrekta yaliyokwisha kutumiwa na majeshi yalinunuliwa kutoka mbali, na vifaru vya Sherman viligeuzwa na kampuni ya Vickers-Armstrongs kuwa matrekta ya minyororo, vikaitwa Shervick. Mashine hizi zilitazamiwa kung'oa vichaka na mibuyu.

Ardhi ya Kongwa ilikuwa na neno lake. Wakati wa kiangazi iligeuka ngumu kama saruji, na mchanga wake mkali ulizila ncha za majembe upesi kuliko vipuri vilivyoweza kuletwa. Katika mwaka wa kwanza ilikusudiwa kulimwa ekari 150,000. Zilizolimwa zilikuwa kama 7,500 tu. Mnamo Januari 1951 mpango ulifutwa, na pauni zaidi ya milioni 30 zikawa zimepotea. Mafundi na madereva waliofanya kazi pale hawakuwa wavivu. Kilichokosekana ni mtu wa kupima udongo kwanza, kisha kuchagua mashine, na kuhakikisha vipuri vipo kabla ya injini kuwashwa.

Karakana ndogo ya Arua haina pauni milioni 30 za kupoteza. Ndiyo sababu yapasa iwe na hadhari zaidi. Kabla ya kukata chuma, mwenye mali na aulize: mpira wa mafuta ukipasuka, wa namna yake unapatikana mjini? Sili za silinda zinapatikana? Kipande cha makali kitatoka wapi baada ya hiki kuisha? Asiyekuwa na majibu hajawa tayari.

BAMBA HALIJENGI BARABARA PEKE YAKE

Bamba likishafungwa vizuri, hatari mpya huanza, nayo ni ya kulitumia vibaya. Dereva mgeni hushika njia katikati, hushusha bamba, husukuma mbele moja kwa moja, na kuacha nyuma yake sakafu laini ya kupendeza. Watu hushangilia. Lakini njia ile sasa iko chini kuliko kingo zake. Mvua ya kwanza ikinyesha maji hayana pa kwenda ila kuifuata njia, na baada ya majuma machache patakuwa na mto mahali palipokuwa na barabara.

Maji ndiyo adui wa barabara ya udongo, na kazi ya bamba ni kumfukuza adui huyo. Njia lazima iwe na mgongo katikati. Ikiwa upana wake ni mita 5, katikati pawe juu kuliko kingo kwa sentimita 12 hivi. Kwa kazi hii bamba linaloweza kugeuzwa mshazari, kwa pembe ya nyuzi 25 hivi, ni bora kuliko lile lililonyooka, kwa sababu huuchukua udongo kutoka kando na kuusogeza kuelekea kati. Kando zote mbili pawe na mfereji, na kila baada ya mwendo fulani mfereji utoe tawi la kuyapeleka maji mbali shambani, kabla hayajapata nguvu. Mwinuko ukiwa mkali, matawi hayo yawe karibu karibu.

Kuna kazi ambayo bamba haliwezi kuifanya, na hapo jembe na mikono ya wanakijiji ni lazima: kuzibua makalavati, kukata nyasi za mferejini, na kuziba kishimo kikiwa bado ni cha upana wa sahani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kijiji kinachosubiri katapila irudi mwakani, huku mfereji umejaa majani, kimeitupa bure dizeli yake.

USALAMA KAZINI NA NYUMBANI

Jambo la mwisho ni zito kuliko yote, nalo lawahusu akina mama na watoto sawasawa na madereva.

Bamba lililoinuliwa haliinuliwi na chuma, bali na mafuta. Mpira ukipasuka, au mtoto akiuvuta mkono wa vali, huanguka mara moja, hata injini ikiwa imezimwa. Kwa hiyo mashine ikisimamishwa, bamba lishushwe mpaka ardhini, bila kisingizio. Fundi anapotaka kufanya kazi chini yake, aweke magogo mazito au stendi za chuma. Jeki ya haidroliki peke yake haitoshi. Na mashine ikilazwa uani au karibu na nyumba za askari kambini, watoto waambiwe kwa ukali kwamba hapo si mahali pa kucheza kibemasa.

Kuna jeraha moja ambalo watu wengi hawalijui. Mpira wa mafuta ukitoboka tundu dogo kama la sindano, mafuta hutoka kwa kasi kubwa mno, na mtu akipitisha mkono kutafuta mahali panapovuja, mafuta hayo hupenya ngozi na kuingia ndani ya nyama. Juu huonekana kitundu kidogo tu. Damu ni kidogo au haipo, na maumivu mwanzoni huwa madogo. Mzee hurudi nyumbani, huosha mkono, hula chakula chake na kulala. Ndani ya saa chache mkono huvimba, nyama huanza kufa, na wapo waliokatwa vidole au mkono mzima kwa kuchelewa.

Mke, ndugu au rafiki akiambiwa habari ya kitundu cha namna hiyo, asikubali maneno ya "ni kidogo tu". Mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile, bila kukandwa wala kuchomwa kwa maji ya moto, na mganga aambiwe waziwazi kwamba ni mafuta ya haidroliki yaliyoingia kwa shinikizo. Neno hilo ndilo litakalomfanya amwite daktari wa upasuaji badala ya kutoa dawa ya kidonda. Na njia ya kulizuia jeraha hilo ni rahisi: panapovuja patafutwe kwa kipande cha katoni au ubao, injini ikizimwa kabla ya kugusa chochote, na mkono wa vali ukisogezwa huku na huku ili shinikizo litoke kwanza.

Katika saa 10 za kwanza za kazi, bolti zote zikazwe tena, kwa kuwa chuma kipya hukaa mahali pake kwa kulegea. Pini zitiwe grisi kila asubuhi. Mishono itazamwe kila juma, na ufa ukionekana mashine isimame. Fundi aliyepima mzigo, akaupeleka msukumo katika fremu, akaweka mizani sawa, akaiacha vali ya usalama ilivyo, amekwisha kufanya sehemu yake. Dereva anayejenga mgongo wa barabara badala ya handaki amefanya yake. Na wanakijiji wanaozibua mfereji kabla ya Aprili wamefanya yao. Hapo ndipo mama wa Koboko, usiku wa Septemba mvua ikinyesha, atakapoifikia lami kwa wakati.